Gari Tulilolisugua Membley

Shemeji yangu alipofariki mwaka huu, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake, kwa sababu mimi ni mwalimu, na katika familia yetu mwalimu ndiye huandika kila kitu, hata yale asiyoyataka. Tuliketi sebuleni kwa dada yangu Wangari, kwenye shamba lao huko Gatuanyaga, mashariki ya Thika, bakuli la githeri katikati yetu na wageni wakiingia na kutoka. Niliandika alikozaliwa, shule alizosoma, kazi aliyoifanya Nairobi, kisha nikarukia biashara aliyoianza baadaye. Dada akasoma huku ameinua miwani. "Na ile mwaka ya gari?" akauliza. "Hiyo mbona umeruka?" Nikamwambia mambo kama hayo hayasomwi mbele ya jeneza, watu watacheka. "Si wacheke," akasema. "Hata yeye alikuwa anacheka." Sikuandika. Wasifu ulisomwa hivyo hivyo, umenyooka vizuri, watu wakaitikia amina, nami nikaketi chini ya hema uso ukiniwaka ingawa hakuna aliyenitazama. Huwezi kuamini aibu inavyodumu. Mwenye gari amekufa, mkewe hana habari nayo tena, na mimi niliyekuwa mgeni tu wa chumba cha nyuma bado naibeba kama niliazimwa nikasahau kuirudisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na sikuwa na kazi, basi dada akaniita nikae kwao Membley, pale Ruiru, huku nikitafuta. Ni mwaka ule barabara ya Thika ilikuwa ikichimbwa na kupanuliwa, na vumbi jekundu likatua juu ya kila kitu kuanzia majani ya kahawa hadi mkate wa asubuhi. Nilipewa chumba kilichotazama ua, chenye kitanda, sanduku langu, na dirisha lililofunguka juu ya gari. Kila nilipoamka nililiona. Lilikuwa gari dogo la Kijapani la rangi ya damu ya mzee, iliyopigwa upya na fundi wa Thika, na liling'aa kiasi kwamba niliweza kujitazama mlangoni pake nikifunga kitambaa changu cha kichwa. Dada alikuwa akiniambia, kwa fahari ambayo siku hizo sikuijali, kwamba katika mtaa wote hakuna gari lililotunzwa kama lile.

Ni lazima uijue Membley ya Jumamosi ndipo uelewe. Wanaume waliovaa suti juma zima walitoka asubuhi na kaptura, miguu myeupe kwa kukosa jua, kila mmoja na ndoo yake, kila mmoja na redio yake, malango yote wazi. Kuosha gari nyumbani haikuwa kazi ya usafi peke yake. Ilikuwa kama kwenda kanisani. Asiyeonekana aliulizwa yuko wapi. Wake walipita wakienda sokoni wakisalimia mume wa huyu na wa yule, na nina hakika walilinganisha magari kama sisi wasichana tulivyolinganisha nywele. Shemeji alikuwa wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi ndani. Mwezi wangu wa kwanza aliniita nimsaidie, na kwa kuwa nilikula chakula chake bila kutoa kitu, nilishika sponji.

Alikuwa mwalimu mzuri kuliko wengi niliofanya nao kazi baadaye. "Nyambura, hii vumbi ya Ruiru si vumbi, ni msasa," alinifundisha. "Ukipanguza gari kavu, unaikwaruza na mkono wako mwenyewe." Kwanza maji matupu mengi, yalichukue vumbi. Kisha sponji, kutoka paani kushuka, na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji kabla haijarudi kwenye rangi. Sabuni ya kufulia nguo hakuitaka hata kuisikia, alisema inakula nta yote na kuacha rangi uchi. Tulikausha kwa taulo kuukuu. Halafu tukalisukuma kivulini, kwa sababu ukipaka nta juani inakauka vibaya na kuacha mabaka, na tukapaka kidogo kidogo kwa vitambaa vilivyokatwa kutoka fulana zake za zamani, mkono ukizunguka, hadi rangi yote ikafifia kama dirisha lenye ukungu. Tukangoja. Tukaifuta, na gari likatokea upya. Kitambaa kilichoanguka chini hakikugusa gari tena, kiliteremshwa cheo kikawa cha kupangusia sakafu. Kinyesi cha ndege kililowekwa kwa kitambaa chenye maji mpaka kikalainika, hakuna kukwangua kwa ukucha. Mwisho turubai, lililoshonwa na fundi wa pale mjini Ruiru, lakini baada ya bodi kupoa tu. Mimi nilifurahia kazi ile. Naisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu furaha hiyo ndiyo iliyonifanya niumie zaidi baadaye.

Nilijua mambo mawili katika juma moja. La kwanza nililijua huko Kimbo, mtaa wa jirani. Nilikuwa nimetumwa kununua mafuta ya taa, nikapita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la binamu yake shemeji, na shemeji alikuwa ndani, ameketi juu ya mfuko wa saruji na suti yake ya kijivu na tai, akisoma gazeti. Saa nne asubuhi. Alikuwa ameondoka alfajiri kama kawaida, amesema gari analiacha kwa ajili ya barabara mbovu, na mimi nilikuwa nimemfungulia lango na kumtakia kazi njema. Hakuniona. Nilirudi nyuma kwa hatua za mwizi nikapitia njia nyingine. La pili nililijua Jumamosi iliyofuata. Nilitaka kufuta ukingo wa ndani wa boneti, mahali vumbi hujificha, nikavuta kile kishikio cha chini ya usukani. Boneti ikaruka. Shemeji akaacha ndoo akaja mbio, lakini nilikuwa nimeshaiinua kidogo na kuona. Hapakuwa na injini. Palikuwa na mbao zilizofungwa kwa waya, na juu yake magunia ya mchanga, yamepangwa kwa utaratibu kabisa.

Aliifunga polepole, akaibana kwa viganja vyote viwili. Jirani wa ng'ambo alikuwa akiimba na redio yake. "Bila mchanga inainua pua," shemeji akanieleza kwa sauti ya chini, kama bado ni somo. "Watu wangeona." Nikamuuliza kama dada anajua. Akasema anajua. Kazi ilikuwa imeisha mwanzoni mwa mwaka, kampuni imefunga ofisi, na mwezi wa tatu, mimi nikiwa nimeenda kwetu kwa juma moja, injini ilitolewa na kuuzwa kwenye gereji moja Thika ili mtoto wao Wairimu asifukuzwe shule kwa kukosa karo, kisha gari likavutwa kwa kamba hadi nyumbani mchana wa siku ya kazi, wanaume wote wakiwa Nairobi. "Injini hakuna mtu anaiona," akasema. "Rangi ndiyo inaonekana. Rangi ikiharibika wataanza kuuliza." Akachukua kitambaa akaendelea kusugua, nami nikaendelea upande wangu, na kutoka siku hiyo mkono wangu ulipozunguka juu ya mlango ule nilijiona mle ndani na sikupenda nilichokiona.

Basi nikawa mwenyeji wa siri, na siri ilikuwa na kazi nyingi kuliko nyumba. Nikaanza kuyaelewa yale niliyokuwa nikiyaona tu. Seti ya viti vya sebuleni ilikuwa imeondoka "kushonwa vitambaa vipya" na haikurudi. Televisheni ikafuata, kisha meza ya kulia chakula. Mapazia yalibaki, mazito, yamefungwa mchana kutwa. Tulikula kwenye mkeka, ugali na sukuma, au githeri ya mahindi mengi na maharagwe ya kutafuta kwa tochi, na kabla ya kula dada alisimama jikoni akakaanga vitunguu na viungo vya mchuzi karibu na dirisha lililo wazi, ili harufu ivuke ukuta. Hapakuwa na nyama. Vitunguu vyenyewe tuliviweka, kesho vikakaangwa tena. Siku moja mama wa nyumba ya pili akaniambia langoni, "Wee, nyinyi mnakula vizuri, hadi tunameza mate huku," nikacheka naye, nikaenda chumbani nikakaa kitandani. Wageni walikuwa kazi yangu. Dada hakuweza kudanganya uso kwa uso, shemeji alizidisha maneno, lakini mimi, sijui kipaji hicho nilikitoa wapi, nilidanganya vizuri. Niliwapokea barazani. Mtoto amelala. Dada anaumwa kichwa. Sakafu imepigwa wanta ya kung'arisha sasa hivi. Waliondoka wakiwa wameridhika, wengine wamenibariki. Usiku nilisikia wawili hao kupitia ukuta, dada akisema, "Baba Wairimu, tuhame tu, turudi kwenu," naye akijibu, "Nipe muda kidogo. Nikipata kazi hakuna mtu atajua kulikuwa na kitu." Siku hizo nilimwona ni mtu mwenye kiburi. Leo nafikiri alikuwa mtu aliyeogopa tu, na hofu yake ilikuwa na mkewe na mwanawe ndani yake.

Kisha likaja jambo la harusi. Mwenyekiti wa mtaa wetu, Bwana Karanja, mzee wa kanisa pia, alikuwa akimwoza binti yake. Kwetu huku harusi haiandaliwi na mwenye harusi. Inaandaliwa na kamati, na kamati hukaa sebuleni kwa mtu Jumapili baada ya Jumapili, chai ikizunguka, huyu akiahidi keki, yule hema, na magari yakitolewa moja moja kama sadaka. Tulienda sote watatu kwa sababu kutokwenda kungeulizwa. Rangi za harusi zikatangazwa: damu ya mzee na krimu. Nilimwona dada akishusha macho kwenye kikombe chake, nami nikajua kabla halijasemwa. Bwana Karanja akasimama akitabasamu. "Sasa gari ya bibi harusi," akasema, "si hata tunajua? Kuna gari nyingine kwa hii estate inang'aa kama ya Baba Wairimu? Na rangi ni ile ile! Mungu alikuwa amepanga." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mtu akasema picha zitatoka safi sana.

Sijui wengine wangefanyaje. Angeweza kusema gari lina hitilafu, na mafundi watatu waliokuwa mle ndani wangejitolea kuja kulitazama siku hiyo hiyo. Angeweza kukataa, na kumnyima mzee wa kanisa gari la binti yake ni jambo ambalo lingezungumzwa hadi binti mwenyewe apate wajukuu. Na ninaamini, ingawa hakuniambia, kwamba makofi yale yalimpendeza. Kwa miezi hakuna aliyempigia makofi. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Ni heshima kwangu. Gari ni yenu." Tulirudi nyumbani tukitembea, dada mbele. Sisi wenyewe ndio tuliolisugua gari lile hadi likaitwa.

Wiki mbili zilizobaki hadi harusi zikapungua zikawa moja na siku chache. Nyumbani kila mtu alizungumza na mtoto tu. Alhamisi nilikuwa Thika kuulizia nafasi katika shule moja ya Kamenu, nikarudi alasiri, nikakuta lango limefungwa kwa ndani, jambo lisilo la kawaida. Shemeji akanifungulia. Turubai lilikuwa limekunjwa nusu, na kwenye boneti, mabega ya mbele na paa palikuwa na madimbwi madogo yanayoteleza, na chini yake rangi ilikuwa ikijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Chupa ya mafuta ya breki ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa analia, lakini kimya, kama mtu anayetokwa na jasho. "Rangi ya kupigwa upya haiwezi kuhimili hii," akasema. Bado ananifundisha. Nilitaka kukimbilia maji, mikono yangu ilijua la kufanya, iliumia kuona kile kitu kikifa, lakini nilisimama. Nilielewa mpango. Gari la namna ile haliwezi kumbeba bibi harusi. Asubuhi tungesema tumelikuta hivyo. Tulilifunika pamoja, yeye upande ule na mimi upande huu, kama tulivyozoea.

Ijumaa habari ikazunguka mtaa kabla ya saa tatu. Dada hakutoka nje. Alikaa jikoni amekumbatia magoti. Mimi ndiye niliyesema. Nilisimama langoni nikawaambia wanawake, "Tumeamka tukaikuta imemwagiwa kitu," na mmoja wao akashika mdomo, "Ngai! Ni wivu hiyo!" Sikumtaja mtu. Sikuhitaji. Palipo na wivu pana mwenye wivu, na palipo na mwizi wa usiku pana mlinzi wa usiku. Jumamosi asubuhi, wakati ambapo tungekuwa tukiosha gari, ua wetu ulijaa. Kanisa lilikuja kuomba. Walilizunguka gari wakaweka mikono juu ya ile rangi iliyokunjamana, wakalikemea pepo la kijicho kwa sauti iliyofika barabarani, na mimi nikafumba macho kwa nguvu na kuomba kitu kimoja tu, kwamba waende nyumbani. Shemeji alisimama katikati yao kichwa chini. Walimpiga mgongoni. Walimwita ndugu yetu aliyeonewa.

Baada ya amina, Bwana Karanja akamsogeza mbele mtu niliyemjua kwa jina tu, Njoroge, fundi wa rangi kutoka Kamenu, ndiye aliyelipiga gari lile rangi yake nzuri. Njoroge alipitisha kidole kwenye boneti, akakinusa. "Mafuta ya breki," akasema. "Mtu alijua anafanya nini. Lakini msijali, harusi ni Jumamosi ijayo, mimi nitaipiga msasa na rangi upya, bure kabisa, hiyo ni zawadi yangu kwa bibi harusi. Alhamisi inarudi. Baba Wairimu, leta funguo niende nayo saa hii." Akanyoosha mkono. Watu wakasifu Mungu. Shemeji akatia mkono mfukoni, ukakaa huko huko.

Na kabla hajautoa, lango likafunguliwa, na vijana wawili wakamleta Mutua. Mutua alikuwa mlinzi wa usiku wa mtaa wetu, Mkamba mwenye umri wa baba yangu, aliyenisalimia kila asubuhi, "Habari ya kuamka, madam," ingawa hakuna mwingine katika dunia hii aliyeniita madam wakati huo. Alikuwa bado amevaa koti lake kubwa la zamu. "Mutua," Bwana Karanja akasema, "Alhamisi usiku ulikuwa wapi?" Mutua akasema alikuwa zamu, alizunguka kama kawaida, hakuona mtu. "Hukuona mtu! Basi ni nani alifanya hii? Ama ulipewa kitu kidogo ukafunga macho?" Mutua akasema, "Mzee, hapana, mimi sijafungulia mtu." Alisema hivyo tena na tena, akitazama uso baada ya uso, kisha akaniona mimi. "Hata uliza madam. Asubuhi nilimsalimia. Madam, si nilikuwa langoni?" Nilijua alikuwa langoni. Nilijua kila kitu ambacho angehitaji mtu akijue. Nikatazama miguu yangu. "Leta koti ya estate," Bwana Karanja akamwambia, "na tochi. Kazi imeisha." Mutua akaanza kufungua vifungo.

Dada yangu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya jikoni na leso yake ya kazi. Akashuka. Hakuharakisha. Alipita katikati ya watu wakampisha wakidhani anakwenda kumlilia mumewe, akafungua mlango wa gari, akavuta kishikio, akaenda mbele akainua boneti yote, juu kabisa, akaitegemeza. Mchanga ulikuwa umevuja kutoka gunia moja. Njoroge akainama akachungulia, akainuka, mkono wake ukirudi mfukoni polepole. "Hakuna mtu alitufanyia ubaya," dada akasema. "Hii gari haina injini tangu mwezi wa tatu. Baba Wairimu hana kazi tangu mwaka uanze. Hiyo mafuta tulimwaga sisi. Mutua, funga koti yako." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuita watu mezani. Akamgeukia Bwana Karanja. "Mzee, utusamehe, utafute gari ingine, wakati bado uko. Sasa ingieni ndani. Karibuni chai."

Shemeji alikuwa ameketi kwenye ukingo wa maua, mikono juu ya kichwa, na nilidhani amezirai, lakini alipoinua uso niliona ameachiliwa, kama mtu aliyeteremsha mzigo wa kuni. Kisha mke wa Bwana Karanja, mama wa bibi harusi, akasema taratibu, "Chai tutakunywa, Mama Wairimu," akaanza kuja mlangoni, na wengine nyuma yake, wakikanyaga polepole kama watu waendao kwenye msiba.

Hapo ndipo penyewe. Hapo ndipo ninapofika kila mara, na ndipo nilipofika chini ya hema siku ile ya mazishi. Kwa sababu nilikuwa nimewatangulia. Nilikuwa nimekimbia hadi mlango wa sebule nikasimama kizingitini, mikono yote miwili nimeshika fremu, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Samahani, hamwezi kuingia, tumepiga sakafu wanta, bado haijakauka." Nikatabasamu. Nilitabasamu vile vile nilivyotabasamu mwaka mzima. "Labda kesho," nikasema. "Dada hajisikii vizuri, anaumwa kichwa." Mama Karanja akasimama mbele yangu, na usoni pake hapakuwa na hasira wala kicheko, palikuwa na kitu kibaya zaidi, alikuwa ananihurumia. Nyuma yangu kulikuwa na mkeka mmoja na kuta. Ningekufa kuliko waone.

"Nyambura," dada akasema kutoka uani, "toka mlangoni."

Sikutoka. Aliita mara ya pili. Dada alikuwa amekwisha kusema kweli kwa niaba yake na ya mumewe, mbele ya kanisa na fundi na mwenyekiti, na mimi, mgeni wao, nilikuwa bado nalinda uongo ambao haukuwa na mwenyewe tena. Mikono ilikataa kuachia. Watu walijikusanya ngazini wakinitazama, na aibu ya gari lile, iliyokuwa imegawanywa kwa watu watatu, yote ikanijia mimi peke yangu pale.

Aliyepanda ngazi alikuwa Mutua. Koti alikuwa amelifunga tena, kifungo kimoja kikiwa kimepotea tundu lake. Alivua viatu, akavipanga kando ya ukuta, akasimama mbele yangu na soksi zilizotoboka, akaondoa kofia.

"Nipite, madam?" akaniuliza.

Nikashusha mikono.